Mmoja kazini Mbalizi, mwingine Uyole: tupange nyumba wapi?

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi, mume wangu ni fundi sanifu wa maabara. Mwezi Juni tunahamia Mbeya kutoka Morogoro. Mimi nimepangiwa hospitali iliyoko Ifisi, Mbalizi, nitakuwa na zamu za asubuhi, jioni na usiku. Mume wangu yuko kwenye utafiti wa kilimo Uyole, anaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Gari hatuna. Mtoto yuko darasa la nne. Dalali ametutafutia nyumba tatu: moja Mbalizi, moja Forest Mpya, moja Itezi. Anasema Forest ni katikati, kwa hiyo hakuna atakayeumia. Je, ni kweli?"

Dada, si kweli. Dalali amepima kwa ramani, na kwenye ramani Forest inaonekana kuwagawia safari nusu kwa nusu. Lakini abiria wa daladala haumizwi sana na kilometa. Kinachomuumiza ni idadi ya magari anayopanda kwa siku, na kama gari analipandia linapoanzia au njiani. Kwa vipimo hivyo viwili Forest ndiyo mbaya kuliko zote tatu, na Mbalizi, ambayo bila shaka mlikuwa mnaiogopa kwa ajili ya shemeji, ndiyo ningeichagua.

Mbeya ni mji mrefu na mwembamba. Upande mmoja ni safu ya milima, na karibu kila kitu kimejipanga kufuata barabara kuu moja, ile itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia. Ukitoka mashariki unaanza na Nsalaga na Uyole, unapita Itezi, Nane Nane, Sae na Ilomba, unafika kwenye kitovu cha Soweto, Kabwe, Mwanjelwa na Mafiati, halafu unaendelea magharibi kwa Nzovwe, Iyunga, Iwambi, mpaka Mbalizi na Ifisi. Mradi wa kupanua barabara hiyo kuwa njia nne, kutoka Nsalaga hadi Ifisi, una kilometa 29, kwa hiyo Mbalizi hadi Uyole ni chini ya hapo. Tuichukulie ni 25 kwa hesabu zetu. Mjini kwenyewe, yaani Sisimba, Soko Matola na Hospitali ya Rufaa, hakuko juu ya barabara hiyo. Unaiacha barabara kuu na kupanda kuelekea mlimani. Forest nayo iko pembeni hivyo hivyo.

Sasa hesabu idadi ya kupanda. Tufanye kila mmoja ana siku 22 za kazi kwa mwezi. Mkikaa Forest, wewe utapanda bajaji au daladala ya kukushusha barabara kuu, kisha daladala ya Mbalizi. Shemeji naye vivyo hivyo kwa Uyole. Hapo kila mmoja anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, yaani mara 88 kwa mwezi, na kwa watu wawili ni mara 176. Mkikaa Mbalizi, wewe unatembea au unachukua bajaji siku ya mvua. Shemeji, akipata gari la moja kwa moja, atapanda mara 44, na akilazimika kubadilisha Mwanjelwa au Kabwe itakuwa mara 88. Hata ikitokea hivyo, familia nzima inapanda nusu ya ile ya Forest. Kwa nauli za LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, zilizoanza kutumika Desemba 2023, safari ya mjini isiyozidi kilometa 10 ilikuwa shilingi 600. Ukizidisha bei hiyo ya chini kabisa, mara 176 ni shilingi 105,600 na mara 88 ni shilingi 52,800. Vipande virefu vina nauli kubwa zaidi, kwa hiyo angalia jedwali lililobandikwa ndani ya gari la njia husika, maana bei hubadilishwa. Mbalizi lakini itabaki nafuu kuliko Forest.

Fedha ni nusu ya maneno. Kila unapobadilisha gari unaanza upya kusubiri, kugombania mlango na kunyeshewa, na huo ndio muda usioweza kuupangia. Gari likishaondoka unaweza kukadiria utafika saa ngapi. Ukiwa kituoni unangoja tu, huna unachoweza kukadiria.

Kuna jambo ambalo wahamiaji wengi hulijua wakiwa wameshalipa kodi ya miezi sita. Asubuhi abiria wa Mbeya hawaendi wote upande mmoja. Wa Uyole na Itezi wanakuja Mwanjelwa na mjini, na wa Mbalizi na Iyunga nao wanakuja huko huko, kila upande ukielekea kitovuni. Anayeishi mwanzo wa njia anaingia gari likiwa tupu na kuchagua siti. Anayeishi njiani anakuta limeshajaa, linapunguza mwendo tu, konda ananing'inia mlangoni na kusema nafasi ipo wakati haipo. Shemeji akipandia Mbalizi, anaketi. Gari likifika Mwanjelwa linamwaga watu, na kutoka pale kwenda Uyole yeye anakwenda kinyume na mkumbo, kwa hiyo hata akibadilisha gari, anakopanda kuna nafasi. Jioni anapandia Uyole, mwanzo wa njia tena. Mtu anayekaa ncha moja na kufanya kazi ncha nyingine anasafiri mbali, lakini anasafiri ameketi. Mtu wa katikati anasafiri karibu, amesimama amejikunja ndani ya Hiace, kichwa kwenye paa.

Ndiyo maana wakazi wengine wa njiani hufanya kile tunachoita kugeuza na gari. Anapanda likiwa linaelekea mwisho wa njia, analipa, linageuza naye, analipa tena. Siti ameipata, ila amelipa nauli mbili na kupoteza nusu saa. Ukiona majirani wa mtaa unaotaka kupanga wanageuza na gari kila siku, jua kwamba mtaa huo hauna usafiri wa asubuhi, hata kama daladala zinapita mbele ya geti.

Itezi ni nzuri kwa shemeji: ni kipande kifupi tu hadi Uyole, tena kinyume na mkumbo. Ningeipendekeza kama nyote mngekuwa na saa za ofisi. Tatizo ni zamu zako. Ukitoka zamu ya jioni usiku, unatakiwa uvuke mji mzima kutoka Mbalizi wakati daladala zimepungua na zilizobaki haziondoki mpaka zijae. Pengine zitaishia Mwanjelwa, na wewe ubaki pale usiku ukitafuta bajaji ya kukodi hadi Itezi. Mwenye saa za ofisi anaweza kusafiri mbali, kwa sababu anasafiri wakati magari yapo. Mwenye zamu akae karibu na kazi. Katika ndoa nyingi watu hugawana usumbufu sawasawa kwa upendo, nami nauheshimu upendo huo, ila hapa kugawana sawa kutakuweka wewe barabarani saa 4 usiku.

Basi tumpangie shemeji safari yake. Kwa kilometa 25, na mwendo wa wastani wa kilometa 20 kwa saa ukijumlisha kusimama vituoni, ni saa moja na robo. Gari liwe limeng'oa Mbalizi saa 12 kamili asubuhi, ili afike Uyole saa 1:15 akiwa na robo saa ya akiba. Awe stendi saa 12 kasorobo. Lile la saa 12 na nusu asilitegemee. Hata barabara ikiwa nyeupe halitamfikisha kwa wakati, na muda huo wanafunzi na wafanyakazi wa mjini wanakuwa wamemiminika.

Mkitoka Morogoro kuna jambo litakalowashangaza: jua la Mbeya linachelewa. Mko magharibi zaidi, na saa ni ile ile ya nchi nzima. Mwezi Juni na Julai jua linachomoza karibu saa 1 kamili, kama dakika 20 nyuma ya Morogoro. Saa 12 kasorobo ni usiku kabisa, na miezi hiyo baridi ya asubuhi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo nyumba ya Mbalizi iwe mahali ambapo mtu anaweza kutembea gizani hadi stendi bila kupita korongo au kichochoro kisicho na taa. Dakika 10 kwa miguu ni nzuri. Zikizidi 20 ataanza kuchukua bodaboda kila siku, na hapo mmerudi kwenye kupanda mara mbili. Angalia pia upande wa barabara. Gari la kwenda Uyole linaelekea mashariki na linapakia kushoto kwake, yaani upande wa kaskazini, ulipo Mlima Mbeya. Kama nyumba iko upande huo, shemeji havuki barabara kuu asubuhi gizani, akikatiza mbele ya malori ya Tunduma. Atavuka alasiri, kukiwa kweupe. Barabara ikipanuliwa kuwa njia nne, jambo hili linazidi kuwa zito.

Kuhusu ujenzi wenyewe: panapochimbwa, magari hupitishwa kwa zamu kwenye njia moja, vituo huhamishwa mita mia kadhaa bila kibao, na mvua za Novemba hadi Aprili hugeuza mchepuko wa vumbi kuwa tope. Ongeza dakika 20 hadi 30 kwa siku kama hizo. Msijifunze kituo kwa alama ya duka lililo kando ya barabara, maana duka linaweza kubomolewa. Mjue jina la kituo na mlitamke kwa konda mapema.

Sasa kero ambayo shemeji ataikuta ndani ya mwezi wa kwanza: kukatisha njia. Gari lina kibao cha njia nzima, likifika Mwanjelwa konda anatangaza, "Mwisho wa gari, shukeni." Si uvivu. Dereva wengi wa daladala hawana mshahara. Wana hesabu, fedha maalumu ambayo lazima imfikie mwenye gari kila jioni, mafuta yakiwa juu yao. Chukua mfano wa namba tu: njia nzima ni shilingi 1,000, na kipande ni shilingi 600. Abiria mmoja akienda moja kwa moja, siti imeingiza 1,000. Akishushwa katikati na siti ikauzwa tena, imeingiza 1,200. Kwa siti 14 hiyo ni tofauti ya shilingi 2,800 kwa safari moja. Zaidi ya hapo, asubuhi nusu ya pili ya njia ya shemeji ndiyo ile yenye abiria wachache, kwa hiyo dereva anaona bora ageuze akachukue waliojaa Iyunga. Kwa maana hiyo, faida ileile inayompa shemeji siti ndiyo inayomshawishi dereva akatishe.

Dawa yake ni kabla ya kulipa. Akiingia aulize kwa sauti, abiria wengine wakisikia: "Konda, Uyole mwisho?" Akijibiwa ndiyo, alipe nauli ya Uyole, tena awe na fedha kamili. Noti ya elfu 10 asubuhi inakufunga mikono, kwa sababu chenji ikibaki kwa konda huwezi kubishana naye. Gari likikatishwa, ana haki ya kufaulishwa, yaani konda ampandishe gari lingine na amlipie yeye. Wengi hufanya hivyo wakidaiwa kwa utulivu na watu watatu au wanne pamoja, na hugoma wakidaiwa na mmoja anayefoka. Ikishindikana, aandike namba ya gari, saa na mahali, aripoti LATRA au kwa askari wa usalama barabarani aliye jirani. Kukatisha njia ni kosa chini ya masharti ya leseni ya usafirishaji. Wenye tabia hiyo wanajulikana baada ya wiki mbili, na abiria wa kudumu huacha kuyapanda magari yao.

Niseme jambo moja kwa uzito wake. Kati ya Iyunga na Mbalizi kuna mteremko wa Iwambi. Daladala, mabasi ya mikoani na malori yenye mizigo mizito wote wanaushuka kwa pamoja, na alasiri shemeji atakuwa anaushuka. Ajali nyingi za mteremko mrefu zinaanza hivi: dereva anaachia gari lishuke bila gia, au kwa gia kubwa, anakanyaga breki mfululizo, breki zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki tena hata akikanyaga mpaka mwisho. Abiria anaweza kulitambua kwa masikio. Gari lililo kwenye gia ndogo linashuka injini ikinguruma. Injini ikinyamaza na upepo ukasikika dirishani, gari linajiendea lenyewe. Hapo asione haya kusema, "Dereva, weka gia." Harufu kama ya mpira unaoungua ni dalili nyingine, na likisimama kituo kinachofuata, ashuke. Akibadilisha gari Mwanjelwa na kulikuta limejaza watu hadi mlangoni, asubiri lingine. Kupoteza dakika 15 ni nafuu kuliko kushuka Iwambi umesimama. Siti ya dirishani, katikati ya gari, ndiyo nzuri. Kile kiti cha kukunja cha njiani kinamfanya ainuke kila kituo, na hakina cha kushikia.

Siku lori likilala Iwambi na kufunga njia, hakuna barabara nyingine ya maana kwa daladala. Wanachofanya wenyeji ni kushuka, kupita eneo hilo kwa miguu kando kabisa ya barabara, na kupanda magari yaliyogeuzia upande wa pili. Lifanyeni wakati wa mwanga tu, na kama lori ni la mafuta msilikaribie. Rudini nyuma, msubiri.

Wewe mwenyewe, kwa Ifisi, huna mengi ya kuhangaikia mchana. Usiku ndiko kwa kupangilia. Kwanza uliza hospitali kama kuna gari la kupeleka watumishi wa zamu. Kama halipo, tafuta dereva mmoja wa bajaji au bodaboda anayeegesha kijiwe kinachojulikana, mwenye kizibao chenye namba ya kijiwe, akubebe kila zamu kwa bei mliyokubaliana kwa wiki. Mfuatilie mchana kwanza uone anavyoendesha. Kwa bodaboda, kofia ngumu ya pili iwepo na isiwe ya kuazima kijiweni, nunua yako. Ukubali kubebwa peke yako tu, mshikaki hapana, hata na mfanyakazi mwenzako. Bajaji ya kuchangia ni ya abiria watatu nyuma. Akimkalisha wa nne mbele pembeni yake, usukani haugeuki vizuri, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupinduka kwenye kona hata kwa mwendo wa kawaida.

Mtoto asome Mbalizi, mahali anapoweza kutembea. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala, kwa viwango hivyo vya Desemba 2023, ni shilingi 200, na kwa kuwa ni theluthi ya nauli ya mtu mzima, makonda wengi huwaacha watoto kituoni mpaka gari likose wakubwa. Mtoto wa darasa la nne asiwekwe kwenye mashindano hayo. Nimeona wazazi wakimchagulia mtoto shule nzuri ya mjini na kumsahau kituoni saa 12 ya baridi na giza. Shule ya wastani anayofika akiwa mkavu na ameamka vizuri inamfaa zaidi kwa mwaka huu wa kwanza.

Kama nyumba ya Mbalizi ina kasoro nyingine, labda maji au mwenye nyumba, msikimbilie Forest. Mwambie dalali atafute Iwambi au Iyunga, jirani na barabara kuu. Wewe utapanda gari moja la kwenda Mbalizi, ambalo asubuhi halina watu, na safari ya shemeji itapungua kidogo, ingawa siti ya kuanzia ataikosa.

Msilipe kodi kabla ya kujaribu. Shemeji aje Mbeya Jumapili, alale Mbalizi nyumba ya wageni, na Jumatatu saa 12 kasorobo awe stendi kama mtumishi anayekwenda kazini. Aandike saa aliyofika stendi, saa gari lilipong'oa, saa lilipofika Mwanjelwa, kama alibadilisha, na saa aliyoshuka Uyole. Saa 9:30 arudi, aandike tena. Arudie Jumanne, maana Jumatatu pekee inaweza kudanganya. Safari ya asubuhi ikizidi saa moja na nusu siku zote mbili bila ajali wala mvua, nyumba ya Iyunga itangulie ile ya Mbalizi. Dalali akiwahimiza kwamba kuna mtu mwingine anaitaka leo leo, mwacheni aichukue. Na mkishaipata, ombeni kulipa miezi mitatu badala ya sita, ili mvua za Novemba ziwakute bado mna uhuru wa kuhama.